Mkojo unasema: toka India mpaka Shituru

Bandugu, tusicheke neno hili: mkojo. Waganga wa Ayurveda kule India waliusoma zamani sana. Ndani ya vitabu vya Charaka na Sushruta, magonjwa yanayoharibu mkojo, prameha, yako 20: 10 ya kapha, 6 ya pitta, 4 ya vata. Mganga aliangalia rangi, uzito, harufu, na kama sisimizi wanaukimbilia. Ugonjwa mmoja waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali. Sisi tunasema sukari. Na dawa haikuwa majani tu: mgonjwa mnene alipewa shayiri, akaambiwa atembee kabisa! Ulaya, Matthew Dobson wa Liverpool alionyesha kwamba utamu ule ni sukari mwaka 1776 tu.

Sasa tuje kwetu. Kiwanda cha Shituru kilianza 1929, wakati wa Union Minière, na mitaa yetu ingali ubavuni mwake. Mwaka 2009, Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa wanaokaa chini ya kilomita 3 toka mgodi ao kiwanda cha madini, kobalti ilipanda sana, na watoto ndio walizidi. Watafiti waliandika kwamba kiasi kama kile hakijapata kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote.

Hapo sisimizi hawawezi kusaidia, kobalti haina utamu. Inataka labo. Mimi nimepimwa sukari mara tatu. Kobalti, hata siku moja.