Kata Chungu Uone Ndani

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kundi letu alikaa kwenye gurudumu la kufinyangia, chungu chake kikaanguka mara ya tatu. Akanawa mikono, akaniambia, "Kaka, hii kazi si yangu," akaenda zake. Siku ile sikuwa na jibu. Historia hii naiandika kwa ajili yake.

Mwaka 1942 Mwingereza Michael Cardew alifika Achimota, Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Kwao alikuwa mfinyanzi hodari. Vita vilikuwa vimepunguza bidhaa kutoka Ulaya, basi kikaanzishwa kiwanda kikubwa cha vyungu na vigae pale Alajo, karibu na Accra. Matanuri yakasumbua, hasara ikazidi, na mwaka 1945 kikafungwa.

Wengi wangeishia hapo. Yeye akahamia Vume, kijiji cha wafinyanzi kando ya mto Volta, akafungua karakana ndogo. Hapo napo vyombo vingi viliharibika motoni, na mwaka 1948 akarudi Uingereza akiwa mgonjwa. Miaka sita, kushindwa mara mbili!

Lakini makosa yale hakuyazika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipoajiriwa Nigeria, alizunguka kwanza kuangalia udongo na kazi za wafinyanzi wenyeji, ndipo akaanzisha kituo cha mafunzo Abuja, mji unaoitwa leo Suleja. Mwaka 1954 akaingia mwanamke wa kwanza, Ladi Kwali. Huyu mama alikuwa amefundishwa na shangazi yake kufinyanga kwa mikono tu, bila gurudumu, kama wafanyavyo mama zetu wa Burundi na Kongo. Jina alikuwa nalo tayari, ila alikubali kukaa kwenye gurudumu kama mwanafunzi. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Miaka ya 1970 hata Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alienda kujifunza palepale.

Sasa turudi kwenye gurudumu letu. Chungu kikianguka, usikibonde kwa hasira. Chukua waya, kikate katikati toka juu mpaka chini, uangalie ukuta wake. Ukiwa mwembamba sana chini, ujue hapo ulibana mno. Ukiwa mnene upande mmoja, donge halikukaa katikati tangu mwanzo. Ukiona umelegea kama uji, maji yalizidi. Halafu udongo uleule unakandwa tena, haupotei. Ukishapita motoni ndiyo basi, linabaki gae. Kwa hiyo kosa la kuogopa ni lile usilolitazama mpaka moto umewaka. Kule Alajo waliwahi kiwanda kabla ya kuijua kazi vizuri.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mradi wa vijana ukianguka baada ya miezi mitatu, msikimbilie kuandika "umeshindwa" na kufunga faili. Ukateni kwanza, tuangalie pamoja wapi ukuta ulikuwa mwembamba. Sisi tuliokuwa ndani tunapajua.

Wazee husema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi naongeza: hujifunzia hapohapo.

Mdogo wangu, donge lako nimelifunga kwenye nailoni. Bado halijakauka. Jumamosi njoo.