Kompyuta Ndani ya Gari: Habari za Ufundi wa Miaka Michache

Tangu gari lilipokuwa chombo cha watu wengi huko Marekani, dereva hakuridhika na ngurumo ya injini peke yake, bali alitamani kusafiri na muziki. Na kila kizazi cha mafundi kilichojaribu kumtimizia haja hiyo kilikuta hasimu wake si muziki, bali ni umeme wa gari lenyewe. Mwaka 1930, Paul Galvin alipotia redio katika gari lake la Studebaker akaliendesha hadi Atlantic City kuwaonyesha wafanyabiashara wa redio, mashaka makubwa yaliyowasumbua watu wake yalikuwa cheche za plagi, ambazo zilikwaruza ndani ya spika hata sauti ya mwimbaji ikafifia. Redio hiyo, iliyoitwa Motorola, ilifaulu kwa sababu cheche zilidhibitiwa, wala si kwa sababu ya uzuri wa sauti yake.

Chrysler nayo, katika magari yake ya 1956, iliweka chini ya dashibodi kinanda cha santuri kilichobuniwa na Peter Goldmark wa CBS, chenye santuri za inchi 7 zilizozunguka polepole mno, mara 16 na theluthi mbili kwa dakika. Santuri hizo zilipatikana kwa kampuni moja tu, hata mnunuzi hakuwa na hiari ya kuchagua waimbaji, na haukupita muda jambo lenyewe likaachwa. Hiari hiyo ililetwa na kaseti ya Philips ya 1963, ambayo mtu aliweza kuirekodi nyumbani kwake apendavyo. Na sisi wa pwani, tuliosafiri kwa taarabu ya kaseti zilizonakiliwa mara nyingi hata nyuzi za fidla zikasikika kama zinalia kisimani, tunaijua fadhila yake.

Ama kadhia ya kompyuta ndani ya gari, chanzo chake ni Erlangen, Ujerumani, ambako wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer walikwisha kupata hikima ya kuupunguza muziki kwa kuacha yale ambayo sikio halitambui, na mwezi wa Julai 1995 wakayapa mafaili yake jina la MP3. Dakika moja ya muziki iliyochukua megabaiti 10 hivi katika CD sasa ilitosha katika megabaiti moja. Hapo pakatokea tofauti ya ajabu: mwaka 1998 kicheza muziki cha mfukoni kilichouzwa madukani, Rio PMP300, kilikuwa na megabaiti 32, yaani nusu saa ya nyimbo, ilhali kompyuta kuukuu ya Pentium, yenye diski ya gigabaiti 6, iliweza kubeba saa mia moja. Maadamu dukani hapakuwa na chombo cha namna hiyo kwa ajili ya gari, wenye ujuzi wa Marekani na Ulaya wakaanza kukiunda wenyewe.

Kazi yao haikuwa na madaha. Sanduku la kompyuta liliwekwa kwenye buti au chini ya kiti, diski ikalazwa juu ya sponji ili isidhurike kwa mashimo ya barabara; kioo kidogo cha mistari miwili au minne ya maandishi kikaunganishwa na tundu la printa, na vibonye vya tarakimu, vya kibodi ndogo, vikabandikwa karibu na gia, dereva akaita wimbo kwa nambari yake. Wengi walianza kwa inveta, wakipandisha volti 12 za betri hadi umeme wa nyumbani, kisha kifaa cha ndani ya kompyuta kikaushusha tena hadi volti 5 na 12: upotevu mtupu, walakini vifaa vyake vilipatikana kwa urahisi.

Taksiri ya mpango huo ilidhihirika asubuhi. Dereva akizungusha ufunguo, stata hunyonya betri kiasi cha kuzishusha volti zake chini ya 10 kwa nukta chache, na kompyuta iliyokwisha kuwaka huzimika ikaanza upya. Akifika aendako na kuzima gari, umeme hukatika ghafla kabla mashine haijafunga mafaili yake. Ndipo wengine wakaongeza betri ya pili iliyotengwa kwa dayodi, na wengine wakatia rilei yenye saa, iliyoiachia kompyuta dakika moja au mbili ijizime kwa adabu. Zaidi ya hayo alteneta ilipenyeza mlio mwembamba katika spika, uliopanda kila mguu ulipokanyaga mafuta, na dawa yake ilikuwa kusawazisha waya za ardhi au kuweka transfoma ndogo kati ya kompyuta na amplifaya. Galvin angelitambua tatizo hilo mara moja.

Mnamo 1999, huko Cambridge, Uingereza, Hugo Fiennes na wenziwe wa kampuni ya empeg walianza kuuza chombo kilichokusanya hikima hizo zote ndani ya nafasi ile ile ya redio ya dashibodi, upana wa milimita 180 na kimo cha 50: kichwa chake kilikuwa prosesa ya StrongARM, programu yake Linux, na ndani yake zilienea diski mbili za kompyuta ya mapajani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilele cha ufundi huo, ingawa bei yake iliwashinda wengi. Mwaka 2000 kampuni ya SONICblue iliinunua empeg, mwaka uliofuata ikaacha kukiunda chombo hicho, na Oktoba ya 2001 Apple ikatoa iPod yenye gigabaiti 5, ambayo dereva aliitoa mfukoni na kuichomeka bila kushika bisibisi. Waliokwisha kununua chombo cha Cambridge walibaki nacho miaka mingi, wakibadilisha diski kila zilipotoka kubwa zaidi na kuandikiana programu za kuziendesha.