Mfupa wa Ishango: mwezi ulihesabiwa kwetu kabla ya Copernicus?

Wandugu, shuleni tulifundishwa kama elimu ya anga ilianza na Copernicus, mwaka 1543. Ni kweli alieleza sababu jua na nyota vinaonekana kutembea: dunia ndiyo inazunguka kuelekea mashariki, digrii 15 kila saa. Ndiyo maana jua linapanda hapa Goma karibu saa nzima mbele ya Kinshasa.

Lakini kabla ya kueleza, mtu anatazama na kuhesabu. Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba kule Ishango, katika jimbo letu, pale mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Alipata mfupa mdogo wa miaka karibu 20 000, wenye mikato katika mistari mitatu. Miwili kati yake, kila mmoja una mikato 60.

Mmarekani Alexander Marshack alisema ni kalenda: mwezi mpya unarudi kila siku 29 na nusu, kwa hiyo miezi miwili ni siku 59. Wengine wanakataa, wanasema ni hesabu tu. Ubishi haujaisha.

Kama Marshack ana haki, basi mtu wa Ishango aliona mwezi unachelewa kupanda karibu dakika 50 kila siku, akaweka alama. Hiyo ni sayansi.

Leo mfupa huo uko Bruxelles. Mtoto wa Beni, ili auone, inamuomba viza. Tuanze basi na kuufundisha kwa wadogo zetu.