Active, manowari kuukuu iliyofika Maore

Ukisimama Ras Kiuyu ukaelekeza uso mashariki, mbele yako ni maji matupu mpaka Shelisheli. Kaskazini, kwa masafa yasiyotimia kilomita 100, iko Mombasa. Mwaka 1942 bahari hiyo ilikuwa njia ya vita. Meli zilizotoka Kilindini kwenda Komoro na Madagaska zilishuka upande huu wa Pemba, nje kabisa, ambako mvuvi wa Kiuyu asingeona zaidi ya moshi.

Simulizi za manowari katika pwani yetu huishia 1914, pale Königsberg ya Wajerumani ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja. Kisa hicho kimesimuliwa mpaka kimechuja. Vita vya pili vilitugusa zaidi, na kazi yake nyingi ilifanywa na meli ndogo ambazo hakuna aliyezijua majina. Mojawapo ni Active.

Iliundwa Hebburn, kaskazini mwa Uingereza, ikashushwa majini Julai 1929, wakati mataifa yakijidanganya kwamba hakutakuwa na vita tena. Ilikuwa manowari ya mbio: tani 1,350, urefu kiasi cha mita 98, mizinga minne, mirija minane ya kurushia topido, na mwendo wa noti 35. Kazi yake ilikuwa kuzilinda meli kubwa na kuzisaka nyambizi. Ndugu zake wa muundo huohuo hawakuwa na bahati. Ardent na Acasta zilizama siku moja, 8 Juni 1940, katika bahari ya Norway.

Mwezi uliofuata Active ilikuwa Mers-el-Kébir, Algeria, katika kundi la Waingereza lililozipiga manowari za Ufaransa, rafiki wa jana, zisije zikaangukia mikononi mwa Hitler. Miaka miwili baadaye ugomvi huohuo uliileta kwetu. Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon, na mchele wa Burma uliokuwa ukiilisha Unguja na Pemba ukakatika. Kwenye uwanda wa mawe wa Kiuyu, ambako mkarafuu haustawi, muhogo haukuwa chakula kigeni. Waliozoea wali wa kununua ndio waliotaabika. Aprili ndege za Japani zikaipiga Colombo, naye Admirali James Somerville, kamanda wa manowari za Waingereza upande huu, akazirudisha nyuma mpaka Kilindini meli zake kongwe. Skuli ya Alidina Visram, Mombasa, ikageuzwa ofisi ya kufumbua barua za siri za Wajapani.

Hofu kubwa ilikuwa Diego Suarez, bandari ya kaskazini mwa Madagaska iliyokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, waliopatana na Hitler. Wajapani wakiipata, njia yote ya kwenda Suez na India ingekuwa yao. Waingereza waliishambulia 5 Mei 1942, wakashuka upande wa magharibi na kukwama mbele ya ngome za mji. Hapo ndipo Anthony, ndugu mwingine wa Active, ilipofanya jambo ambalo kwa akili ya kawaida lilikuwa la kujiua. Usiku wa 6 Mei ilipenya mlango mwembamba wa bandari chini ya mizinga, ikasogeza tezi kwenye gati katika upepo mkali, ikawamwaga askari 50, kisha ikageuka na kutoka ilikoingilia. Hao 50, waliokuwa wamechafukwa na bahari njia nzima, waliteka ghala la jeshi la majini na kuvuruga ulinzi kwa nyuma. Mji ulianguka usiku huohuo.

Zamu ya Active ilikuja 8 Mei. Nyambizi ya Kifaransa Monge ilijaribu kuipiga Indomitable, meli ya kubeba ndege. Active na manowari mwenzake Panther ziliifuata kwa mabomu ya chini ya maji, wala hakuokoka mtu ndani yake.

Tarehe 2 Julai Active, pamoja na manowari Dauntless, ilifika Mayotte katika visiwa vya Komoro, ambayo wenyewe huiita Maore. Makomando wa Uingereza na askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikitwaa kisiwa hicho. Kwangu hii ndiyo safari yake inayotuhusu zaidi, kwa kuwa Komoro na Zanzibar zilikuwa zimeshaoana na kusomeshana dini vizazi kwa vizazi kabla ya manowari yoyote kufika. Septemba askari wa Keya walikuwa miongoni mwa walioingia Antananarivo, na Novemba Wafaransa wa Madagaska wakasalimu amri.

Active ilikuwa imeshaelekea kusini. Oktoba 8, karibu na Cape Town, iliizamisha nyambizi U-179 ya Wajerumani, ambayo siku hiyohiyo ilikuwa imeiangamiza meli ya mizigo City of Athens. Mei 1943, ikiwa na manowari Ness, ikaizamisha katika Atlantiki nyambizi Leonardo da Vinci ya Waitaliano, iliyokuwa ikirudi nyumbani baada ya kuzamisha meli kadhaa upande wa Durban. Novemba ikashiriki kuiangamiza U-340 karibu na Tangier. Nyambizi nne, za mataifa matatu. Mwaka 1947 iliuzwa kama chuma chakavu.

Jina lake lilipewa manowari mpya miaka ya 1970, iliyopigana Falklands mwaka 1982. Hiyo nayo iliuzwa Pakistan mwaka 1994, ikaitwa Shah Jahan, na kazi yake ikawa tena katika Bahari ya Hindi.