Nasaba za Maduka: Waherti, Waishaki na Mashehe Wapita Njia wa Garissa

Kule Sanaag, kaskazini ya mbali ya Somalia, kuna makaburi mawili ambako nasaba nyingi za wenye maduka wa Garissa, Wajir na Isiolo huishia. Moja liko Maydh, ufukoni, nalo ni la Sheikh Ishaq bin Ahmed. La pili liko Haylaan, ndani ya bara, nalo ni la Abdirahman bin Ismail al-Jabarti, maarufu kwa jina la Darod. Masimulizi yanasema wote wawili walivuka bahari kutoka Arabuni wakihubiri dini, wakaoa wenyeji, wakaacha uzao usiohesabika. Mtaalamu I. M. Lewis na wengine wametilia shaka habari hizi wakisema kwamba nasaba ni hati ya siasa kuliko hati ya uzazi, na sina haja ya kuwaamulia. Linalonivutia ni kwamba watu hawa wakitaja chimbuko lao hawataji mfalme wala jemadari. Humtaja mhubiri msafiri. Wajukuu wa mhubiri huyo ndio walioshika mizani na ufunguo wa duka.

Ili kuelewa nani alimuuzia nani sukari Garissa, sharti uifuate nasaba hiyo vizazi vichache. Darod alimzaa Kablalah. Kwa upande wa Kombe, mwana wa Kablalah, wakatoka Waherti: Wamajerteni, Wadhulbahante na Wawarsangeli. Kwa upande wa nduguye Kumade, kupitia Absame, wakatoka Waogaden, ambao matawi yao ya Abdwak, Abdalla na Aulihan ndiyo yaliyojaza nchi ya mashariki ya mto Tana. Kwa hiyo Mherti aliyefungua duka katikati ya Waogaden alikuwa mgeni, lakini mgeni mwenye ubinamu wa kuhesabika. Mwishaki, wa uzao wa Sheikh Ishaq, hakuwa na ubinamu huo, na ilimbidi autafute kwa kuoa.

Waogaden walitangulia. Walivuka Juba katikati ya karne ya 19 na kuwasukuma Waorma hadi ng'ambo ya Tana, wakisaidiwa na ndui iliyowamaliza Waorma wenyewe. Waherti walikuja kwa majahazi kutoka pwani ya Wamajerteni miaka ya 1870 na kuendelea, wakatua Kismayu, bandari iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wakaanza kununua ng'ombe na ngozi kutoka bara. Waishaki walikuja kwa njia nyingine kabisa: wakiwa mabaharia, askari, na wabeba bunduki wa wawindaji wa Kizungu. Lord Delamere alipotokea Berbera na kuingia nchi inayoitwa leo Kenya mwaka 1897, alikuwa na msafara wa Wasomali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiishaki walipewa mahali pa kukaa Isiolo, na kutoka hapo wakatawanyika na biashara ya mifugo na maduka.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na Kismayu ikawa ng'ambo ya mpaka. Familia iliyokuwa na duka Kismayu na binamu Garissa ikajikuta na serikali mbili. Upande wa Kenya mambo yalibana zaidi. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni na ile ya 1934 ya wilaya maalumu ziliifunga nchi yote ya kaskazini: hakuna kuingia wala kutoka bila pasi, na mwenye duka alifuata leseni na mahali alipoonyeshwa. Garissa ilikua hivyo, kituo cha serikali kando ya Tana, askari wake, na safu fupi ya maduka. 

Katika maduka hayo palikuwa na sukari, majani ya chai, vitambaa na tumbaku. Waliokuja kununua hawakuwa na fedha mifukoni. Fedha yao ilitembea kwa miguu minne, na haikuuzwa wakati wa ukame ila kwa hasara. Basi walikopa. Mwenye duka aliandika deni na kungoja mvua, ng'ombe wanenepe, ngozi na samli ziletwe. Je, kati ya watu wasio na anwani unamkopesha nani? Unamkopesha mwenye nasaba. Mfugaji akitaja baba zake kumi, ametaja wadhamini kumi, maana ukoo unaolipa diya kwa pamoja mtu wao akiua, unaona haya pia mtu wao asipolipa sukari. Ndiyo maana nasema nasaba kwao ilikuwa daftari la mikopo kabla ya kuwa hadithi ya fahari.

Serikali nayo ikaisoma nasaba kwa miwani yake. Sheria ya msamaha ya 1919 iliwatoa baadhi ya Wasomali, hasa Waishaki na Waherti wa mijini, katika kundi la "wenyeji" kwa mambo fulani. Kuanzia hapo kaburi la Maydh likawa na faida ya karatasi: ukitoka Arabuni, wewe si Mwafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Waishaki waligombana na serikali kuhusu kodi ya kichwa, wakidai walipishwe kiwango cha Wahindi, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko chao. Sijui jamii nyingine Kenya iliyopigania kuongezewa kodi. Waogaden wa Garissa walitazama mzozo huo kwa mbali, na sidhani waliusahau.

Mashehe walipita njia ile ile ya bidhaa, lakini hawakupatana na wafanyabiashara siku zote. Jamaa ya Bardera, jumuiya ya kidini iliyoanzishwa kwenye mto Juba mwaka 1819, iliharamisha tumbaku na biashara ya pembe za ndovu, ikaiteka Barawa mwaka 1840, na mwaka 1843 Sultani wa Geledi akaichoma moto Bardera yenyewe. Baadaye akaja Sheikh Uways wa Barawa, aliyesoma Baghdad na kualikwa Zanzibar enzi za Sultani Barghash, akaieneza tarika ya Qadiriya kando ya pwani na ndani ya bara. Mwaka 1909 aliuawa Biyoley na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, mtu wa tarika ya Salihiya. Sayyid huyo alikuwa Mwogaden kwa baba na Mdhulbahante kwa mama. Kwa lugha ya Garissa, baba mteja na mama wa ukoo wa wenye duka!

Hao ndio wakubwa. Walioishi na watu hasa ni maalimu wa kambi za ngamia, waliohama na wanafunzi wao na mbao za kuandikia Kurani, wakilishwa maziwa na wenye mifugo. Wakifika mjini, walifikia barazani kwa mwenye duka. Yeye aliwapa chai na mahali pa kulala. Wao walisoma dua, walifunga ndoa, walisuluhisha ugomvi wa deni. Wengine walishuka hadi Lamu, kwenye Riyadha ya Habib Saleh, wakarudi na vitabu. Miaka ya baadaye wakaja wa Tabligh, harakati iliyozaliwa India miaka ya 1920, ambayo humtaka mtu wa kawaida atoke siku 3, siku 40 au miezi 4 kuhubiri msikiti kwa msikiti. Mwenye duka mwenyewe akawa mhubiri msafiri, na duka akalinda mpwa.

Dini hiyo hiyo ndiyo inayolivunja duka. Mwenye mali akifa, faraidhi haijui mtoto mkubwa: mjane ana thumni, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja. Bidhaa zikihesabiwa na kugawanywa, duka moja kubwa huwa manne madogo, na mmoja huenda Modogashe, mwingine Mandera, mwingine Nairobi. Ukiona familia yenye maduka katika miji sita, usidhani ilipanga hivyo. Pengine ni kadhi aliyepanga.

Mapigo yalikuja kwa mfululizo. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963 na vita vya shifta, kati ya serikali na Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, vikaendelea hadi 1967. Novemba 1980 vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuia wakazi wa Garissa katika uwanja wa shule ya msingi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo mwaka 2013. Novemba 1989 Wasomali wote wa Kenya waliitwa kuhakikiwa na kupewa kadi za rangi ya waridi. Mbele ya meza ya wazee na maafisa, mtu alitakiwa kutaja ukoo wake, tawi lake, kijitawi chake. Nasaba iliyompatia babu yake sukari kwa mkopo sasa ilimpatia yeye uraia, au ilimnyima.

Miaka miwili baadaye Somalia ilianguka, kambi za Dadaab zikajaa, na fedha ikazunguka Garissa kuliko zamani. Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa soko: vyumba vya kulala vikawa maduka, na kutoka hapo yakafuata majengo mengine ya biashara. Wanawake walikuwa katikati ya mageuzi hayo, wakikusanya mtaji kwa ayuto, mchango wa zamu. Hapo ndipo nasaba inapokosa haki. Inahesabu baba hadi Haylaan, lakini haimtaji mke Mwogaden aliyemfanya Mherti au Mwishaki akubaliwe mjini, wala binti aliyeuza maziwa ya ngamia wakati ndugu zake wamefungiwa barabara.

Nyaraka za kikoloni za Garissa zimehifadhiwa Nairobi, zimeandikwa na maafisa wa wilaya kwa macho ya maafisa wa wilaya. Upande wa duka umo masandukuni mwa familia: pasi, leseni, madaftari ya madeni. Aliye na daftari la babu yake alipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajafika, na akiandika nasaba pembeni, aandike mama pia.