'Roger Waters: The Wall': Msiba wa familia uliogeuka kilio dhidi ya vita

ROGER Waters: The Wall ni filamu ya tamasha la muziki wa roki iliyoelekezwa na mwanamuziki huyo wa Uingereza akishirikiana na Sean Evans. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, mwaka 2014 na kuingia katika majumba ya sinema mwaka 2015.

Chimbuko lake ni albamu The Wall ya bendi ya Pink Floyd, iliyotolewa mwaka 1979. Humo, ukuta ni ishara ya upweke wa mwanamuziki anayejitenga na walimwengu, na kifo cha babake vitani ni mojawapo ya matofali yake. Waters alikuwa na umri wa miezi mitano tu babake alipouawa Anzio, Italia, Februari 1944.

Siasa haikukawia kuingia. Mwaka 1980, serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini ilipiga marufuku wimbo "Another Brick in the Wall" baada ya wanafunzi waliogomea elimu duni kuufanya wimbo wao wa mapambano.

Filamu hiyo ilinaswa katika ziara ya mwaka 2010 hadi 2013, iliyokuwa na maonyesho 219. Kila usiku, mafundi walipanga matofali jukwaani hadi bendi ikafichika kabisa nyuma ya ukuta. Wakati wa mapumziko, picha za watu waliouawa vitani na katika mashambulizi, nyingi zikiwa zimetumwa na jamaa zao, zilimulikwa juu yake. Mwishoni ukuta uliporomoshwa.

Si wote walioridhika. Mwaka 2010, shirika la Anti-Defamation League la Marekani lilikosoa picha za ndege zilizodondosha Nyota ya Daudi na kufuatiwa na alama ya dola, likisema zilichochea dhana potovu kuhusu Wayahudi. Waters alikanusha, ila akabadilisha mpangilio wa alama hizo.

Kinachoitenga filamu na onyesho la jukwaani ni safari ya Waters hadi Ufaransa, alikozikwa babu yake aliyeuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha Italia, kwenye kumbukumbu ya babake. Hapo mtazamaji hung'amua kwamba nyuso zile za ukutani zilikuwa, kwa jamaa zao, msiba uleule.