Nchi Isiyotunza Mifupa

Mfupa wa dinosaria hautachimbuliwa Meru, wala Embu. Mchota mchanga wa Mbeere anaweza kushinda mtoni na sepetu yake kutwa nzima, mchimba kisima wa Tigania akashuka hadi jua limpotee, na mtoto wa Runyenjes aliyewaona wanyama hao kitabuni akapekua kila korongo nyuma ya kahawa ya babu yake. Hawatapata kitu. Kosa si lao, na si kwamba wanyama hao waliikwepa nchi hii. Miamba ambayo ingewahifadhi haipo.

Anayeshuka kutoka mji wa Embu kwenda Siakago huona jambo hilo kwa macho yake. Udongo mwekundu wa kahawa unakwisha, changarawe nyeupe inaanza, na jua likipiga barabarani ardhi inametameta. Kinachometa ni ulanga, madini yanayobanduka kwa kucha kama karatasi. Miamba ya Mbeere, na ya Tharaka pia, ni mizizi ya milima ya kale iliyookwa na kukunjwa chini kabisa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wakati huo duniani hapakuwa bado hata na samaki mwenye taya, sembuse mnyama wa kuwinda nchi kavu.

Panda sasa kinyume chake, kuelekea Mlima Kenya, uone upande wa pili wa hesabu. Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory aliukwea mlima hadi kwenye barafu, akatambua kwamba vilele vile vikali ni kiini kigumu cha volkano iliyozimika na kumomonyolewa. Volkano hiyo ilitapika sehemu kubwa ya lava yake kama miaka milioni 3 iliyopita, na vilima vya Nyambene vina mashimo ya volkano machanga kuliko hapo. Dinosaria walianza kutembea duniani kama miaka milioni 230 iliyopita, na wale wakubwa wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Enzi yao yote imeangukia kati ya jiwe la Mbeere na jiwe la mlimani. Jiwe la kwanza lilikwisha kuwapo zamani mno kabla yao, na la pili lilikuja baadaye sana. Mawe ya katikati, kama yalikuwapo, mvua na mito imekwisha kuyapeleka baharini.

Hata kwa wanyama wa juzi, nchi ya juu haina huruma. Majani chai hupenda udongo wenye asidi na mvua nyingi, na asidi na mvua ndizo zinazomaliza mfupa. Ng'ombe akifukiwa kwenye miteremko ya mlima, haichukui vizazi vingi kabla ya udongo kumla.

Kenya hata hivyo ina dinosaria wake. Wako mbali kaskazini, katika milima ya Lapurr magharibi ya Ziwa Turkana, ambako mifupa yao imejulikana tangu miaka ya 1960, na ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walirudi kuitafuta pamoja na wenzao wa Utah, Marekani. Lakini aliyetaka kuona kazi kubwa ya aina hiyo Afrika Mashariki alipaswa kwenda kusini, Tendaguru, karibu na Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko kwa mikono ya mamia ya vibarua chini ya msimamizi wao mashuhuri, Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mifupa vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi pwani. Mmoja wa wanyama hao, mla majani wa shingo ndefu, amesimamishwa Berlin na kimo chake kinapita mita 13. Walaji nyama wa Tendaguru waliacha vipande vichache zaidi, jambo la kawaida mahali popote, kwa kuwa wawindaji daima ni wachache kuliko mawindo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza nao wakaenda Tendaguru. Mwaka 1924 msafara wao, ukiongozwa na William Cutler, ulimchukua kijana mzaliwa wa Kabete aliyekuwa na umri wa miaka 20: Louis Leakey. Mwaka uliofuata Cutler alifariki kwa malaria. Leakey alikuwa amekwisha kujifunza kwake namna ya kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja na kuufunga kwa plasta ili usafiri salama, akaja kuutumia ujuzi huo maisha yake yote. Ni haki kusema kwamba kazi ya kutafuta visukuku nchini Kenya, ambayo baadaye ilibebwa na mafundi kama Heselon Mukiri na Kamoya Kimeu, ina mzizi mmoja katika udongo wa Lindi.

Meru na Embu hazikuhitaji mifupa ili kumjua mla watu mkubwa. Katika hadithi za jioni yumo zimwi, irimu, anayejigeuza kijana mtanashati ili apate mke, na pengine ana mdomo wa pili kisogoni. Profesa Ciarunji Chesaina alikusanya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, na mazimwi wana nafasi yao humo. Karibu na mji wa Meru kuna Ziwa Nkunga, lililotuama ndani ya shimo la volkano, nalo lina masimulizi ya joka la majini. Wakikuyu wana ndugu yake, mukunga mbura, ambaye upinde wa mvua ni dalili yake.

Haifai kuzichukua hadithi hizi kama kumbukumbu ya dinosaria, ingawa wapo watu wanaopenda kufanya hivyo. Hakuna binadamu aliyewahi kumwona dinosaria mkubwa akiwa hai. Hadithi hizo zinasema jambo lililo karibu zaidi, na kwangu hilo ni zito zaidi: watu hawa waliishi kizazi baada ya kizazi wakijua kwamba gizani kuna kinywa.

Aliyekuwa karibu kabisa ni fisi. Kabla ya ukoloni, kwa Wameru na Waembu kama kwa majirani zao Wakikuyu, wafu wengi hawakuzikwa. Kaburi lilikuwa la wachache, hasa wazee wenye heshima na mali. Mgonjwa aliyekaribia kukata roho alitolewa nje, kwa sababu kifo ndani ya nyumba kilileta unajisi, na maiti ililazwa kichakani. Usiku fisi walikuja. Desturi hiyo haikuwa ukatili. Ilikuwa na miiko yake, na utakaso kwa walioigusa maiti, na iliulinda mji dhidi ya mauti. Serikali ya kikoloni na wamisionari ndio waliosukuma mazishi ya kaburini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na ilichukua muda hadi watu wakayakubali.

Mtu aliyewahi kuona kinyesi cha fisi porini anajua kwamba kikikauka kinakuwa cheupe kama chaki. Weupe huo ni mifupa. Fisi madoa hutafuna paja la punda, akaumeza uboho pamoja na vigae vyake, na tumbo lake likayeyusha vyote. Kwa hiyo nchi hii ilifuta mifupa yake kwa njia tatu: mwamba, udongo na taya.

Wazungu nao walikuja na hamu yao ya mnyama wa ajabu. Mwaka 1931 mlowezi Michael Trent aliua simba wawili wenye madoa katika milima ya Nyandarua, magharibi ya Mlima Kenya. Madoa ya simba kwa kawaida hufifia akikua. Hawa walikuwa bado nayo. Mwingereza Kenneth Gandar Dower alisafiri kuja kumtafuta mnyama huyo aliyeitwa marozi, akaandika kitabu mwaka 1937, na hakumpata. Baadaye walijitokeza waliotamani awe salio la simba wa zama za barafu. Ushahidi uliopo ni ngozi na fuvu vilivyopelekwa makumbusho ya London, navyo vinaweza kabisa kuwa vya simba wa kawaida ambao madoa ya utotoni hayakuwatoka.

Mnyama mkali wa kale aliye wa kweli alikuwa anasubiri kwingine, na si msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wachimbaji walitoa mifupa mahali paitwapo Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, magharibi mwa Kenya. Walikuwa wakitafuta mabaki ya nyani wa kale. Vipande vya mnyama mmoja mkubwa, sehemu kubwa ya taya, baadhi ya fuvu na mifupa ya mguu, viliwekwa kwenye droo za makumbusho ya Nairobi karibu na visukuku vya fisi. Vilikaa humo zaidi ya miaka 30. Kisha mtafiti Matthew Borths akaifungua droo, akakuta meno ambayo hakuna fisi aliyewahi kuwa nayo.

Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens walimtangaza kwa ulimwengu kwa jina la Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika. Si simba hata kidogo. Ni wa ukoo uitwao hayenodonti, uliotawala uwindaji wa Afrika wakati bara hili lilikuwa bado limetengwa na bahari, paka na mbwa hawajaingia. Aliishi kama miaka milioni 22 iliyopita. Chonge lake lilikuwa na urefu wa ndizi. Simba wa leo ana jozi moja tu ya magego ya kukatia nyama kila upande wa taya. Huyu alikuwa na tatu, zilizopangana moja nyuma ya nyingine, na makali yake yalikuwa hayajalika sana, dalili kwamba alikufa kijana. Makadirio ya juu ya uzito wake yanafika kilo 1,500, ingawa hesabu nyingine zinampunguza mara kadhaa. Dume la simba katika Mbuga ya Meru, nchi ya simba jike mashuhuri Elsa aliyezikwa huko mwaka 1961, lina kama kilo 200.

Kwa nini Meswa ilitunza kile ambacho Meru isingetunza? Jibu ni volkano pia. Tinderet, iliyo jirani na Meswa, ilitoa majivu yenye chokaa nyingi, na chokaa huizuia asidi isiufikie mfupa. Mlima Kenya ulikuwa bado haujazaliwa. Ulipoanza kuwaka, ukoo mzima wa Simbakubwa ulikuwa umekwisha kutoweka.

Mtoto wa Chuka leo atakutajia bila kusita dinosaria wa Marekani aliyemwona kwenye filamu. Simbakubwa ni wa nchi yake, ana jina analolielewa bila kufundishwa, na uwezekano ni mkubwa kwamba hajawahi kusikia habari zake. Hilo linaumiza, na dawa yake haihitaji fedha nyingi. Makumbusho ya Taifa ina karakana jijini Nairobi ambako mafundi hutengeneza nakala za visukuku kwa plasta na kuzipaka rangi hadi mgeni asiweze kuzitofautisha na mfupa wenyewe. Meru kuna makumbusho, katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, na wanafunzi huletwa huko kujifunza mila na viumbe vya nchi yao. Kutoka Nairobi ni safari ya nusu siku kwa gari, na barabara inapita Embu na Chuka. Nakala moja ya taya ile inaingia kwenye sanduku la kawaida la mbao, na mahali pake ni kwenye meza ya chini, panapofikiwa na mkono wa mtoto wa darasa la pili.